Mkiwa Mmeshaamua, Msiite Mashauriano

Kuna aina ya Mkenya ambaye hawezi kusikia mtu akisema "shauri yako" bila kumsahihisha. Atakwambia ni "shauri lako," ngeli ya LI-YA, wingi mashauri. Ukimwambia umechelewa shauri ya jam, atashika kichwa. Atasema sisi wa Eastlands tumeliua neno tukufu lililotoka Uarabuni, neno la wazee kuketi na kusikizana, tukaligeuza kuwa tusi la makanga. Akifika kwa jina la mtaa ninaoishi ndio anachoka kabisa. Shauri Moyo. Hata kiunganishi hakuna. Nomino mbili zimesimama tu kando ya Jogoo Road kama watu wanaongoja mat.

Nataka kubishana na mtu huyo. Nataka pia kubishana na binamu yake, yaani yule afisa anayetuita kwenye hema kila baada ya miezi kadhaa kwa kitu anachokiita mashauriano. Wa kwanza anasema tumeharibu neno. Wa pili analiharibu kila wiki, kwa maikrofoni, na hakuna anayemtolea kalamu nyekundu.

Tuanze na huo utukufu wa asili. Kiarabu changu ni cha kamusi. Ni cha kulala saa nane usiku na simu usoni, nikivuta kwa vidole picha za kurasa za kamusi ya Edward Lane, Mwingereza aliyeanza kuitoa mwaka 1863 na akafa kabla hajaimaliza. Lane naye alikuwa akichota kwenye visima vya zamani, mojawapo Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14. Maneno ya Kiarabu hukaa kwenye mizizi ya herufi, mara nyingi tatu. Shauri linatoka kwa shin, waw na ra. Nilitarajia kukuta wazee chini ya mti. Nilichokuta ni kijiji kizima cha maana ambazo hazifanani.

Ya kwanza ni asali. Kitenzi shāra, kikitumiwa na asali, maana yake ni kurina: kuitoa asali kwenye mzinga au kwenye ufa wa mwamba nyuki walikojificha. Ya pili ni farasi. Kitenzi hichohicho, kikitumiwa na mnyama, maana yake ni kumtembeza huku na huku mbele ya mnunuzi ili aone mwendo wake, misuli yake, meno yake. Mahali pa kumtembezea paliitwa mishwār, na hadi leo mtu wa Cairo au Beirut akisema ana mishwār anamaanisha kamzunguko, matembezi, mahali fulani anapopitia mara moja. Ya tatu ni sura nzuri na mavazi ya kupendeza. Ya nne ni vyombo vya nyumbani. (Kuna ya tano inayohusu sehemu za siri. Hiyo jitafutieni.) Halafu kuna kunyoosha kidole, ashāra, ambako sisi tumepata ishara. Na mwisho kabisa kuna kuulizana rai: mashwara, shūrā, na lile shawr ambalo midomo ya pwani ililizungusha mpaka likawa shauri. Shairi halimo kwenye ukoo huu, hata kama masikio yanakudanganya. Lile lina mzizi wake.

Wanazuoni wa zamani waliona kazi ya kuunganisha asali na rai. Raghib al-Isfahani, aliyeandika kamusi ya maneno ya Qurani, anasema kuomba rai ya mtu ni kuirina kutoka kwake, kama asali. Ni picha nzuri sana na wanaopenda semina huipenda mno. Utaikuta kwenye hotuba za uongozi bora. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba farasi yuko kwenye ukurasa uleule. Anayesema turudi kwenye maana ya asili ya shauri atuambie kwanza ni asili ipi: kurina kilicho ndani ya mwenzako, ama kumtembeza farasi ambaye bei yake umeshaiandika mfukoni.

Ndani ya Qurani mzizi huu unatokea mara nne tu. Mimi si msomi wa dini, lakini mara nne ni chache vya kutosha mtu yeyote kuzisoma kwa makini. Mara moja ni Mariamu, ananyoosha kidole kumwelekea mtoto mchanga wakati jamaa zake wanapomsuta. Mara nyingine ni sura ya 42, iliyopewa jina Ash-Shura, inapowataja waumini ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Hiyo ndiyo wanasiasa wa nchi za Kiislamu hupenda kuitaja. Mara ya tatu ni sura ya 3, aya ya 159, na hii ina hadithi nyuma yake.

Ni mwaka 625, kabla ya vita vya Uhud. Masimulizi yanasema Mtume mwenyewe alipendelea kubaki ndani ya Madina na kujilinda humo. Vijana, hasa wale waliokosa vita vya Badr, walitaka kutoka nje wakapigane. Walikuwa wengi, na akawafuata. Mambo yalienda vibaya, watu wengi wakafa, yeye mwenyewe akajeruhiwa. Sasa, kiongozi yeyote tunayemjua hapa angefanya nini baada ya hapo? Angeunda jopokazi la kuchunguza vijana. Aya iliyokuja inamwambia awasamehe na aendelee kuwashauri. Yaani baada ya ushauri wao kumgharimu damu, bado amri ni kuwauliza.

Mara ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sijawahi kusikia mwanasiasa akiitaja. Sura ya 2, aya ya 233. Inahusu baba na mama wanaotaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili. Inasema hawana lawama wakifanya hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Hakuna dola hapo, hakuna baraza la wazee. Ni watu wawili na mtoto anayelia usiku. Na kuridhiana kumetajwa pamoja na kushauriana, kwa pumzi moja. Mmoja akisema hapana, hakuna kuachisha.

Lakini msinielewe kama mtu anayetaka kuwauzia Uarabuni. Huko nako wamegombana juu ya neno hili kwa muda mrefu sana. Mwaka 644 Umar, akiwa kitandani na majeraha ya kisu, aliwaachia wanaume sita kazi ya kumchagua mrithi wake, na inasimuliwa kwamba mmoja wao, Abdurrahman bin Auf, alizunguka Madina siku kadhaa akiuliza watu. Sita kati ya umma mzima. Baada yao walikuja watawala waliorithishana viti na wakaendelea kulitumia neno. Wanasheria wa Kiislamu wamebishana hadi leo: je, shura humfunga mtawala, ama humjuza tu? Akishasikia rai za watu, anaruhusiwa kuzikunja na kuziweka mfukoni? Oman, ambako nusu ya pwani yetu ina shangazi na mjomba, walianzisha Majlis al-Shura mwaka 1991, na sultani akabaki sultani.

Kufunga ama kujuza. Shikilia hilo swali, kwa sababu litatusubiri kwenye hema.

Neno lilivyofika kwetu ni hadithi ya njia mbili. Njia moja ni ya pwani, ya misikiti na nyumba na mahari, ambako shauri lilibaki kitu cha watu kukaa na kuongea. Njia ya pili ni ya misafara ya karne ya 19. Soma vitabu vya akina Stanley na utakuta shauri limejaa: wapagazi wanakaa shauri, machifu wanaita shauri, msafara umekwama siku tatu kwa sababu ya shauri. Mzungu alilisikia neno kama kizuizi. Kwake, shauri ni kile Waafrika wanachofanya wakati yeye anataka kuondoka.

Wajerumani walipotawala Tanganyika walilibeba mpaka ndani ya lugha yao: Schauri. Ilikuwa siku ambayo afisa wa wilaya anakaa kivulini, watu wanapanga foleni na kesi zao, anasikiliza, anahukumu, anatangaza maagizo. Wakati huohuo Kiswahili kilipata msamiati mwingine, hamsa ishirini, ambao ulikuwa idadi ya viboko. Tazama neno limefika wapi. Bado kuna watu wamekaa, bado kuna kuongea, hata kivuli kipo. Kilichoondoka ni uwezo wa yeyote isipokuwa mmoja kusema hapana. Mabaki ya hilo yapo hadi leo: Mtanzania akiwa na kesi, ana shauri mahakamani. Sisi tunasema kesi, na tumemwachia neno lake.

Waingereza upande wetu walipenda zaidi neno baraza, lakini shauri walilitumia kwa kila kitu kinachowasumbua. Na waliikamata sentensi moja wakaifanya ushahidi: shauri ya Mungu. Boi amevunja sahani, ng'ombe wamekufa, mvua imekataa, Mwafrika anasema shauri ya Mungu. Basi, wakaandika, hawa watu hawana uchungu na chochote. Hawakujiuliza mtu angemtaja nani mwingine. Kama ardhi imeamuliwa London, mshahara umeamuliwa Nairobi, na kipande kiko shingoni mwako kikisema unaruhusiwa kuwa wapi, basi kati ya wenye maamuzi ni Mungu peke yake ndiye angalau unaweza kuzungumza naye.

Hapo ndipo mtaa wetu unapozaliwa. Kabla ya Shauri Moyo kulikuwa na Pangani ya zamani, kijiji cha Waafrika ndani ya Nairobi, cha nyumba za udongo zilizojengwa na kupangishwa na wenyeji wenyewe, wengi wao Waislamu, na wanawake wenye nyumba wakiwa si haba. Kiswahili cha Nairobi kilipikwa kwenye vijiji kama hicho. Manispaa ilishaanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ikawa inavunja vijiji vingine kimoja baada ya kingine. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Ilipobomolewa, Shauri Moyo ilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo watu wake waliwekewa, kwenye nyumba za manispaa. Kutoka kuwa mwenye nyumba hadi kuwa mtu aliyepewa nyumba: ni sentensi fupi, na kuna familia ambazo hazijamaliza kuisoma.

Kuhusu jina, mtaani kuna masimulizi. La kawaida ni kwamba watu waliambiwa wahame, na wakiuliza watahamia wapi na kwa masharti gani, jibu likawa ni shauri ya moyo wako. Ukitaka njoo, usipotaka basi. Wengine wanasema hapana, ni wenyewe waliosema: kukaa hapa ni shauri la moyo, mwili umehama lakini moyo uko Pangani. Sihitaji kuchagua kati ya hayo mawili. Mtaa wenye jina hilo uko pia Zanzibar, uko Ilala kule Dar, na Homa Bay wameenda mbali zaidi, wana mtaa unaoitwa Shauri Yako. Nadhani kila mahali palipogawiwa watu bila kuulizwa palikuwa na uwezekano wa kuitwa hivyo.

Sasa rudi kwa mwalimu wetu na kalamu yake. Anasema "nimechelewa shauri ya jam" ni Kiswahili kibovu. Mimi naona ni historia. Kama kwa vizazi vitatu shauri limekuwa kitu kinachoamuliwa mahali pengine kisha kukuangukia kichwani, kwa nini lisigeuke kuwa neno la kutaja sababu ya mateso? Umefukuzwa shule shauri ya karo. Stima imepotea shauri ya transfoma. Umekosa kazi shauri ya kitambulisho. Hayo ndiyo yanayotufikia kutoka kwenye vikao. Na "shauri yako," ile ya kukatia mtu tamaa, ile ndugu yake anaitwa "utajua hujui," hatukuibuni sisi wenye makelele ya Burma na Gikomba. Iliingia kwenye midomo yetu kutoka upande wa pili wa dirisha la ofisi. Super Mazembe, Wakongomani waliofanya Nairobi kuwa nyumbani, walipiga wimbo wenye jina hilo na wakalifanya neno la mpenzi aliyechoka. Hiyo ni heshima kuliko lilivyopewa kaunta.

Mimi nililisikia kwa namna hiyo chuoni. Nitakiacha bila jina, hakina upekee wowote. Nikiwa mwaka wa pili tuliitwa ukumbini tushauriane kuhusu mabadiliko ya karo. Tulikaa saa mbili. Watu waliongea vizuri sana. Kuna msichana wa Kitui alileta hesabu ameandika kwa daftari, alionyesha ni wangapi kwenye darasa lake wangelazimika kuacha. Alipigiwa makofi hata na wale waliokaa mbele. Jioni tulipata barua ya karo mpya, na tarehe iliyochapishwa juu yake ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Nilienda ofisini kuuliza. Bibi mmoja, mpole kabisa, hakuinua sauti, aliniambia: kijana, hiyo sasa ni shauri yako. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao kimeandikwa Ushauri Nasaha. Niliondoka muhula uliofuata.

Kwa hivyo naijua hema. Wewe pia unaijua. Viti vya plastiki vya kukodisha, bango lenye uso wa mtu, projekta isiyoonekana kwa sababu ya jua. Kijana aliyevaa shati lenye nembo anatembeza picha: orofa, miti ambayo haijapandwa, mzungu mmoja akisukuma kigari cha mtoto mahali ambapo kwa sasa ni karakana ya mabati. Anazirudisha, anazigeuza, tuone mwendo, tuone misuli. Hiyo ni mishwār, ndugu zangu. Ni uwanja wa kutembezea farasi. Tofauti ni kwamba kwenye soko la farasi mnunuzi alikuwa na haki ya kumwangalia meno na kuondoka.

Kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, mtaa wa hapa karibu, kuna nyanya aliinua mkono. Ana umri ambao watu wa mradi huutaja kama "wazee wetu" na kupita.

"Mwanangu," alisema, "hiyo nyumba yangu mpya itakuwa orofa ya ngapi?"

"Shosh, hayo mambo yataamuliwa baadaye. Hapa tunachukua maoni."

"Maoni yangu ni kwamba siwezi kupanda ngazi."

"Tumeyachukua, shosh. Asante sana."

"Mmeyachukua mkayapeleke wapi?"

Watu walicheka. Kijana pia alicheka. Halafu ikatembezwa karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Baada ya hapo soda na mkate. Sidhani yule kijana ni mtu mbaya. Ana bosi, bosi ana ripoti, na ripoti ina kisanduku kinachotaka idadi ya walioshirikishwa. Nyanya alikuwa namba kwenye kisanduku. Sahihi yake, ambayo aliiweka kwa taabu kwa sababu ya macho, inathibitisha mahali fulani kwamba alishauriwa.

Na hii si bahati mbaya ya afisa mmoja mvivu. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kuwashirikisha watu katika kutunga sheria. Ni maneno mazuri, na watu walipigwa rungu miaka mingi ili yaandikwe. Hapa jirani kwenye uwanja wa Kamukunji, Julai 1990, walipigwa kwa kutaka tu kukusanyika na kusema. Lakini Katiba haikumaliza kujibu lile swali la zamani. Inafunga, ama inajuza?

Mwaka 2023 swali hilo lilipata mwili. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipitishwa baada ya watu kutoa maoni yao. Kesi ilienda hadi Mahakama ya Rufaa, na tarehe 31 Julai 2024 majaji wakaibatilisha sheria nzima. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni haya na kukataa yale, na kuna vifungu vilivyoingizwa baada ya wananchi kumaliza kusema. Wakati huo nchi ilikuwa imetoka tu kwenye Juni ambayo sihitaji kuisimulia kwa msomaji wa umri wangu. Tulifurahi. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikapindua uamuzi huo. Ilisema Bunge halilazimiki kisheria kumpa kila mtu sababu za kukataa maoni yake, ingawa ingekuwa vyema kufanya hivyo, na wala halihitaji kurudi kwa wananchi kila linapobadilisha mswada.

Ingekuwa vyema. Ndiyo hali ya neno shauri nchini Kenya leo, kwa lugha ya juu kabisa inayopatikana. Unaweza kurinwa asali yako yote, ukaachwa na mzinga mtupu, na aliyeichukua hana deni la kukwambia kama aliila ama aliimwaga.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Watasema mji wa mamilioni hauwezi kujengwa kwa kungojea kila nyanya aridhike. Kuna mabomba ya maji taka yaliyowekwa wakati wa mkoloni, kuna vyumba ambavyo familia ya watu saba inalala kwa zamu, na kila mradi ukiuulizia kwa ridhaa ya wote hautajengwa hata choo. Watasema pia kwamba wanaopiga kelele zaidi kwenye vikao mara nyingi ni madalali na vijana wa mheshimiwa fulani, na hilo ni kweli tupu, nimewaona wakilipwa nyuma ya hema.

Sawa. Basi fanyeni maamuzi. Serikali ina haki ya kuamua mambo mengine bila kuniuliza. Ndiyo maana kuna kura. Lakini mkiamua, njooni mtuambie mmeamua. Iteni tangazo. Iteni ilani, iteni amri, tuna maneno ya kutosha, na mengine ni ya Kiarabu pia kama mnapenda asili. Tukijua ni amri tutajua la kufanya nayo: kwenda mahakamani, kukaa barabarani, ama kutii. Mnachofanya sasa ni kuchukua amri na kuivalisha sura nzuri na mavazi ya kupendeza, ile maana ya tatu kwenye kamusi, halafu mnatuomba sahihi ili siku ya siku muweze kusema tulikuwepo. Hiyo inatuibia mara mbili. Inatunyima kauli, kisha inaifanya kimya yetu ionekane kuwa kauli.

Na nyinyi walimu, nyinyi wapenda lugha, mnaoandika barua ndefu kuhusu Sheng na kuporomoka kwa Kiswahili: mko wapi hapa? Mtoto akisema "shauri yako" mnamrudisha kwenye ngeli. Wizara ikiita kikao cha dakika arobaini "mashauriano ya kina," hakuna anayeona kosa la lugha. Kuna kosa. Mashauriano yana kiambishi cha kutendeana, -an-, kilekile kilicho kwenye kupendana na kupigana. Kinahitaji pande mbili zinazoweza kufanyiana kitu. Mtu mmoja hawezi kupigana na godoro. Kama upande wangu hauwezi kubadilisha hata rangi ya lango, basi kilichotokea ni kushauriwa, kutendewa, na sarufi yenu wenyewe inapaswa kuwashtua.

Mtaani kuna kitu kimeanza, kidogo, na sijui kitafika wapi. Kwenye kikao cha mwisho nilichohudhuria, karatasi ya mahudhurio ilipofika kwenye safu yetu, fundi wa mabati aliyekaa mbele yangu aliandika jina lake, akaandika nambari ya kitambulisho, halafu pale pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa: NIMEKUJA, NIMEPINGA. Akampa jirani. Jirani akaisoma, akaomba kalamu, akaandika vilevile. Ilipofika kwangu nafasi ya sahihi ilikuwa ndogo kwa maneno mawili, ikabidi niandike kwenye ukingo. Kijana wa shati lenye nembo alipoichukua aliitazama, akatutazama, akauliza kama anaweza kutupatia karatasi nyingine safi.

Tulimwambia hiyo ni shauri yake.